Farasi dume wa miezi 26 ufuoni Bamburi: nimpande lini, na nimfundishe mchezo gani?

Swali: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa Bamburi, Mombasa. Ami yangu ana farasi wawili wanaopandwa na wageni ufuoni. Miezi miwili iliyopita nami nilinunua dume wangu kutoka Naivasha, wa ukoo wa farasi wa mbio, na muuzaji anasema ana miezi 26. Tandiko la ngozi nimeshanunua. Ami anataka msimu wa Disemba aanze kubeba watoto wa wageni, anasema samaki mkunje angali mbichi. Moyo wangu mimi uko kwenye kuruka viunzi, na rafiki zangu wanataja mbio na polo. Nianzie wapi, na nichague fani ipi?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Umeuliza mambo mawili, na la pili halijibiki leo. Usimchagulie fani farasi huyu sasa. Kazi ya miaka miwili ijayo ni ile ile, awe wa kuruka, wa mbio, wa masafa marefu au wa wageni. Ukiifanya vizuri, yeye mwenyewe atakuonyesha anachokiweza. Ukiipuuza, hatafaa kwa lolote.

Kwanza hakikisha huo umri, usitegemee maneno ya muuzaji. Mfunue midomo uangalie meno ya mbele. Farasi hung'oa meno ya utoto kwa zamu: yale ya katikati, juu na chini, karibu na miaka miwili na nusu, yanayofuatia karibu na mitatu na nusu, ya pembeni karibu na minne na nusu. Akifika miaka mitano meno ya mbele yote ni ya ukubwani. Jino la utoto ni dogo, jeupe, limebanwa shingoni pale linapoingia kwenye ufizi. La ukubwani ni pana, lina umanjano. Kwa miezi 26 wako anatakiwa awe na meno ya utoto matupu. Ukikuta makubwa yameshasimama katikati, anakaribia miaka mitatu au ameipita, na hesabu yote nitakayokupa hapa isogeze. Ukikuta ya katikati yanalegea, usimtie lijamu kabisa kwa sasa. Kinywa kinauma, na farasi akishajifunza kwamba chuma ni maumivu, utamtoa hofu hiyo kwa miaka.

Sasa methali ya ami yako. Mheshimu, lakini ameitia pasipo pake. Samaki mbichi hukunjwa, habebeshwi gunia. Kumfundisha mtoto wa farasi mapema ni sawa kabisa, na ndivyo nitakavyokushauri. Kumpa uzito ni jambo jengine. Mfupa wa farasi hurefuka kwenye tabaka laini lililo karibu na ncha zake, na tabaka hilo hufunga likigeuka mfupa mgumu. Mifupa ya chini ya mguu, karibu na kwato, hukomaa mapema sana. Ule wa juu ya goti la mbele hufunga karibu na miaka miwili na nusu. Uti wa mgongo huja mwisho kabisa, na kwa farasi wengi haumalizi kabla ya miaka mitano. Na tandiko linakaa wapi? Pale pale panapochelewa.

Utaambiwa kwamba farasi wa mbio hupandwa wakiwa na miaka miwili, na ni kweli. Pia ni kweli kwamba mfupa unaotumika huwa na nguvu kuliko wa mnyama aliyefungiwa bandani, kwa hivyo usimfungie. Mwache atembee, akimbie na kurukaruka kwa hiari yake kila siku kwenye uwanja wenye ua. Lakini farasi wa mbio mdogo hubeba mtu mwepesi, kwa muda mfupi asubuhi, kwenye njia iliyotunzwa, kisha anapumzika siku nzima. Wako anatakiwa azungushwe mchana kutwa kwenye mchanga laini, juu yake mtoto anayeyumba huku na huku kwa sababu hajui kukaa. Kazi hizi mbili hazilingani hata kidogo.

Nakueleza haya kwa uchungu. Nilipokuwa kijana kama wewe nilimpanda jike mmoja wa miaka miwili na nusu upande wa Shanzu, kwenye mchanga mkavu wa juu, kwa sababu alikuwa mpole na mimi nikafikiri upole ndio utayari. Wiki ya sita mguu wa mbele wa kushoto ulivimba nyuma, ukawa na joto, kano ikatokeza kama upinde. Ukano wa farasi ukishapasuka hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama ukano wenyewe. Aliishi miaka mingi, lakini hakufanya kazi tena. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na mnyama ndiye aliyelilipia.

Kwa hivyo hesabu ni hii. Mpaka atimize miaka mitatu, kazi yote ni ya chini, wewe ukiwa kwa miguu. Kati ya miaka mitatu na mitatu na nusu, azoee tandiko tupu na vigwe virefu, ukimwendesha kutoka nyuma. Akikaribia miaka minne, mtu mwepesi akae mgongoni dakika chache, kwa kutembea tu. Mwaka wa tano unaongeza telki, yaani mwendo wa mbio za polepole, na safari fupi. Uzito nao una kipimo: kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi mzima asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwamo. Farasi wa kilo 450 ni kilo 90. Kwa huyu wako, mwaka wa kwanza wa kupandwa, mimi sitaki kuona zaidi ya kilo 65, mtu na tandiko pamoja.

Usidhani miezi ya kazi ya chini ni ya kungoja tu. Hapo ndipo farasi anapotengenezwa. Kanuni yake ni moja: farasi hajifunzi unapomvuta, hujifunza pale unapoachia. Unakaza kamba kidogo, unangoja. Akisogea hata nusu hatua upande unaotaka, unalegeza papo hapo. Ukichelewa kulegeza, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Saisi wengi, hao watunza farasi, ninaowaona wana mikono yenye nguvu na macho yaliyochelewa. Mfundishe hivyo kusimama, kurudi nyuma, kuinua kila mguu, kusogeza makalio, kuinamisha kichwa ukiweka kiganja nyuma ya masikio. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, mara nne kwa wiki. Malizia kwa jambo analolijua, umrudishe akiwa bado anataka.

Kumzungusha kwa kamba ndefu ufanye kwa uchache. Duara dogo huvipinda viungo vya miguu ambavyo bado vinakua, na mtoto wa farasi akichemka huanza kukimbia akiwa ameinama upande kama pikipiki kwenye kona. Bora umtembeze. Tembea naye kilomita mbili, tatu, barabara za ndani, akutane na tuktuk, bodaboda, mkokoteni wa madafu, watoto wanaotoka madrasa. Kumbuka anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma ya mkia, kwa hivyo kitu kikitokeza ghafla kutoka nyuma, atakimbia kwanza ndipo aulize. Mpe nafasi ageuke akitazame. Ukimpiga akiwa na hofu, amejumlisha mambo mawili: kile kitu na fimbo.

Na huyu ni dume. Ushauri wangu ni ahasiwe, na daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi, baada ya chanjo ya pepopunda, kwa sababu farasi ni dhaifu mno kwa ugonjwa huo. Fanya msimu wa kaskazi, Januari au Februari, wakati ardhi ni kavu na nzi ni wachache. Dume kamili kwenye ufuo wenye majike na watoto wa watu ni ajali inayosubiri siku. Najua vijana huona haya kuhasi. Usione haya.

Ufuo wenyewe ni mwalimu mzuri ukijua kuusoma. Mchanga mkavu wa juu, ule unaozama mpaka kifundoni, unavuta kano kila hatua. Mchanga ulioachwa na maji yakikupwa ndio wako: umeshikana, unazama kidogo tu, haugongi kama lami. Ukijua kupwa na kujaa, umejua ratiba yako. Maji husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo huwezi kusema utatoka saa ile ile kila asubuhi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ufuo hufunguka mpana na unapata njia ndefu iliyonyooka. Siku za maji mafu ukanda ni mwembamba. Siku hizo mfundishe bandani. Tembea njia wewe kwanza, uangalie mawe ya matumbawe, kamba za mitumbwi na mashimo yaliyochimbwa na watoto. Bahari yenyewe mzoeshe maji yakiwa yamekupwa na mawimbi yanavunjikia mbali kwenye mwamba, na mbele yake atangulie mmoja wa farasi wakongwe wa ami yako. Farasi mtulivu humfundisha mdogo kwa nusu saa jambo ambalo wewe ungelihangaikia mwezi mzima. Maji ya kufika magotini, dakika tano, kisha nje. Mkimaliza msuuze kwa maji yasiyo ya chumvi, chumvi isimkaukie chini ya mikanda.

Usimlishe chini kwenye mchanga. Atameza mchanga pamoja na majani, nao hukaa kwenye utumbo mpaka umletee maumivu ya tumbo ya kuua. Weka nyasi zake za boma rhodes kwenye hori. Ukitaka kujua kama anameza, chukua kinyesi kipya kidogo, ukikoroge kwenye ndoo ya maji, uache kitulie. Mchanga utauona chini.

Sasa joto. Huyu ametoka Naivasha, juu, penye hewa baridi na kavu, na wewe umemshusha kwenye unyevu wa pwani. Ametimiza miezi miwili, kwa hivyo mwili umeanza kuzoea, lakini kuna farasi ambao wakiletwa sehemu kama hizi huacha kutoka jasho, pengine baada ya miezi mingi. Dalili ni ngozi kavu baada ya kazi, pua zimepanuka, pumzi fupi za haraka ambazo hazishuki. Ukiona hivyo, acha kazi, mmwagie maji mengi mwili mzima bila kusita, kivulini penye upepo, na umwite daktari. Farasi anayetoka jasho naye ana shida yake, kwa sababu jasho lake lina chumvi kuliko la binadamu. Kwenye kazi ngumu ya joto anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa moja. Mpe vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya kawaida kwa siku kwenye pumba, na maji bila kipimo. Na maji yenyewe uyaonje. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi. Farasi hunywa nusu, na mwenyewe unadhani hana kiu. Zizi la makuti, wazi pande mbili upepo upite, linashinda zizi la mabati kwa mbali. Fanya kazi jua likishachomoza, umalize kabla ya saa mbili na nusu.

Nimesema jua likishachomoza kwa makusudi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, na usubi huuma zaidi kuanzia machweo mpaka alfajiri, hasa baada ya mvua kubwa. Pundamilia na punda wengi huuvumilia. Farasi asiyechanjwa mara nyingi hufa, tena kwa siku chache. Muulize daktari lini alichanjwa mara ya mwisho, na akichanjwa usimpe kazi nzito wiki kadhaa. Kila siku, kabla ya adhana ya magharibi awe ndani, na wavu wenye matundu madogo sana. Kuna jambo jengine ambalo watu wa ufuoni hawalifikirii: ngamia. Ngamia anaweza kuwa na vijidudu vya surra, ugonjwa unaoenezwa na nzi wanaouma, kwenye damu bila kuonekana mgonjwa, pange akamwuma kisha akamwuma farasi wako. Farasi akikonda huku anakula, homa inakuja na kuondoka, miguu na tumbo vinavimba chini, apimwe damu. Nyuzijoto 37.5 hadi 38.5 ndiyo hali yake ya afya. Na usimpeleke kutalii upande wa misitu ya Shimba Hills, kwani kule kuna mbung'o.

Tuje kwenye fani. Mbio na polo nitazimaliza haraka. Farasi hawa wa mbio wote, kwa upande wa baba, hurudi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki, mmoja wao akinunuliwa Halab, Syria, akafika mwaka 1704. Kwa hivyo damu ya Kiarabu anayo, na kukimbia atakimbia. Lakini uwanja wa mbio wa Kenya uko Ngong Road, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka hapa, na maisha ya kule huanza umri huu alio nao, chini ya mkufunzi mwenye leseni. Polo huchezwa bara pia, na mchezaji hubadilisha farasi kila kipindi cha dakika kama saba. Mwenye farasi mmoja hachezi polo.

Kuruka viunzi, ambako moyo wako uko, sikukatazi. Nakuomba subira tu. Kwenye Olimpiki farasi wa kuruka haruhusiwi akiwa chini ya miaka tisa, na wale ni farasi waliolelewa kwa kazi hiyo. Anaporuka, hutua kwanza kwa mguu mmoja wa mbele, na mguu huo hupokea karibu mwili wote kwa nukta moja. Unaloweza kufanya sasa ni kulaza magogo chini, manne au matano, umtembeze juu yake kwa kamba, ajifunze kuhesabu hatua na kuangalia anapokanyaga. Akitimiza miaka minne, kiunzi cha kufika kifundoni. Zaidi ya hapo unahitaji mwalimu anayekuangalia kwa macho yake. Usijifunze kuruka kwa video.

Fani mbili ambazo hukuzitaja ndizo ningependa uzipe muda. Moja ni dresaji, yaani kumfundisha farasi ajibebe vizuri, apinde pande zote sawa, asimame na kuondoka bila kuvutana. Watu hudhani ni ngoma ya matajiri, lakini kila farasi mzuri wa kuruka niliyewahi kumwona alipita hapo. Uwanja wake mdogo ni mita 20 kwa 40. Huna haja ya kuujenga. Maji yakikupwa, upime kwa hatua, uchore mistari kwa fimbo kwenye mchanga mbichi, fanya kazi yako, bahari itakuja kuufuta. Mimi nimefundisha hivyo miaka mingi.

Nyengine ni mbio za masafa marefu, kilomita 40, 80, mpaka 160, ambapo madaktari humpima farasi njiani, na mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, anatolewa. Naipenda kwa sababu inamlazimisha mpandaji amsikilize mnyama. Unyevu wetu ni mgumu kwa mashindano yenyewe, lakini msingi wake ni kutembea kwingi, na kutembea ndiko utakakokufanya kwa miaka miwili kwa vyovyote. Tafuta stetoskopu, iweke nyuma ya kiwiko cha kushoto, uhesabu kila asubuhi akiwa ametulia. Kwa farasi mzima inatakiwa iwe kati ya 28 na 44, na huyu kijana anaweza kuzidi kidogo. Andika. Baada ya mwaka daftari hilo litakuambia mengi: farasi ambaye moyo wake hushuka upesi baada ya kilima ni wa masafa. Yule anayeliruka gogo kwa hiari yake, magoti yamekunjwa sawa, masikio mbele, ni wa viunzi. Na yule anayesimama katikati ya zogo la Jumapili akasinzia huyo ndiye wa wageni, tena ni wa thamani kubwa, usimdharau.

Kuhusu Disemba, jibu langu kwa ami yako ni hapana, na umfikishie kwa adabu, ikibidi kwa kinywa cha mzee mwengine. Mgeni ambaye hajawahi kupanda ndiye mzigo mgumu kuliko wote. Farasi wa wageni awe na miaka sita. Msimu huu mwache aandamane na wale wakongwe bila kitu mgongoni, wewe umemshika, saa moja, kisha nyumbani. Ataizoea kazi kwa macho.

Lile tandiko ulilonunua, lipake mafuta ya ngozi, ulitundike juu penye upepo, kwa sababu kwa unyevu huu likikaa sakafuni mwezi mmoja litaota kuvu na nyuzi zitaoza. Halina kazi kwa miezi kumi hivi. Siku ukilishusha, liweke mgongoni bila kitambaa, upitishe mkono chini yake kutoka mabegani mpaka nyuma. Mgongo utakuwa umebadilika, na huenda tandiko likawa limeshamkataa. Hapo liuze, utafute jengine.